Muulize Fundi: Tela la kulala kwa familia isiyo na hela za kuchezea

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tela dogo la kulala tulilomtengenezea mteja wa Arusha. Barua zilizokuja zimejaa boksi zima, na nyingi zinauliza jambo lilelile kwa njia tofauti. Nimechagua tano. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu kwa sababu imebeba karibu yote.

Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, mke wangu ni muuguzi. Tuna watoto watatu, wa miaka 14, 11 na 5, na RAV4 la zamani la petroli. Nyumbani tuna ng'ombe wawili wa maziwa, na tambarare tuna kishamba cha mahindi. Tunataka tela la kulala la kwenda nalo Lushoto, Tanga, na siku moja Mikumi, lakini lisilochafua mazingira. Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu amenichorea hivi: urefu futi 14, chesisi ya chaneli ya inchi 4, kuta za plaiwudi ya milimita 18, makabati ya mninga, tenki la maji la lita 300, paneli mbili za sola, friji na kiyoyozi kidogo. Bajeti ni shilingi milioni 5, na mke wangu anasema hata hiyo imezidi. Tuendelee? — Mwalimu, Moshi

Marahaba, Mwalimu. Msiendelee. Fundi wako amechora vizuri, ila amelichorea gari la mtu mwingine. Kazi yangu ya kila siku hapa Unga Limited, Arusha, ni bodi za magari ya watalii: tunakata Land Cruiser katikati, tunalirefusha, tunaliwekea viti na paa la kuinuka. Land Cruiser lenye dizeli ya lita 4.2 ukilifungia tela hilo litaguna kidogo na kuondoka. RAV4 lako litalia, na wewe utalia nalo kituo cha mafuta.

Umeniuliza habari za mazingira, ukataja sola, mbao na maji. Uzito hukuutaja hata mara moja. Tela halina injini, kwa hiyo moshi wake wote unatokea kwenye bomba la gari linalolivuta, na kila kilo utakayoiweka humo itapandishwa mlima kwa petroli. Sola itakuwashia taa; haitakusogeza hata hatua moja kutoka Mombo kwenda Lushoto.

Hebu tupige hesabu ya mchoro huo. Chaneli ya inchi 4 ina karibu kilo 10 na nusu kwa mita. Shiti moja la plaiwudi ya milimita 18, futi 8 kwa 4, linafika kilo 32, na tela la futi 14 ambalo mtu anasimama ndani litameza mashiti 12 au zaidi. Lita 300 za maji ni kilo 300, hapo hakuna ubishi. Ongeza ekseli na matairi, umeshavuka kilo 1,000, na bado hujaingiza friji, kabati la mninga wala godoro. Magari ya daraja la RAV4 kwa kawaida ukomo wake ni kilo 750 au pungufu kwa tela lisilo na breki zake lenyewe. Tafuta kijitabu cha gari lako uone namba yake halisi. Mimi ningekuwekea lengo la kilo 550 tela likiwa limejaa kila kitu, na nisingekubali kulipita.

Sasa anza upya, na uanze na godoro. Naamini nyumbani unalo la tano kwa sita. Futi 5 ndiyo upana wa sanduku. Futi 6 za kulala ukiongeza futi 2 za jiko nyuma unapata futi 8, ambayo ndiyo urefu wa shiti la plaiwudi. Kimo cha kuta kiwe futi 4, ambayo ndiyo upana wa shiti. Ubavu mmoja, shiti moja, bila kukata kipande cha kutupa. Ubao wa mbele ukishatoka kwenye shiti lake unabakiwa na kipande cha futi 3 kwa 4, nacho ndicho meza ya jiko na rafu zake. Nimeona mafundi wakijaza ua mabaki ya plaiwudi kisha mteja anaambiwa tela lake ni rafiki wa mazingira kwa sababu juu kuna paneli.

Kuta ziwe za milimita 9, kilo 16 kwa shiti. Sakafu milimita 12, paa milimita 6. Fremu ya ndani iwe ya paini, ile ya Mafinga, iliyokauka kweli. Ukiishika ikiwa na ubaridi wa unyevu, irudishe. Mninga ni mti mzuri na ndiyo maana unakwisha misituni. Ni mzito pia. Acha ubaki kwenye vitanda vya harusi. Halafu mbao zile za kijani zilizotiwa dawa ya mchwa zisiingie ndani ya sanduku wanamolala watoto, wala vumbi lake lisichomwe. Na oili chafu ya gari, ambayo najua mtu atakushauri upake chini ya sakafu, ikatae. Itanuka mwaka mzima na mvua ya kwanza itaanza kuimwaga barabarani. Paka rangi ya mafuta, na kabla hujaunganisha chochote, paka kingo za plaiwudi mara tatu. Maji hayaingii plaiwudi kwa usoni, yanaingia kwenye kingo, pale unapoona matabaka. Kingo iliyopakwa baada ya kuunganishwa imepakwa nusu.

Chesisi: skwea paipu ya 50 kwa 50, unene milimita 3, ina kilo 4.4 kwa mita. Kwa tela la futi 8 kwa 5 utatumia kama mita 16 na nusu pamoja na mkono wa kuvutia. Hiyo ni kilo 73. Kwa chaneli ya fundi wako ingekuwa kilo 175. Umeokoa kilo 100 na hujapunguza hata kijiko. Mkono peke yake uufanye wa unene wa milimita 4, kwa sababu ndio unaobeba mateso yote.

Hapo kwenye mkono nitasimama kidogo, maana ndipo matela yanapokatikia. Simama na mchomeleaji wako siku hiyo. Pale mkono unapopita chini ya boriti ya mbele ya chesisi, yeye atataka kuchomelea mstari unaokatiza paipu, kushoto kwenda kulia, juu na chini. Ndivyo mkono wake ulivyozoea. Mwambie hapana. Paipu inapopinda kwenye mashimo, inavutika zaidi uso wa juu na wa chini, na welding inayokatiza pale ndiyo inayoanzisha ufa. Achomelee ubavuni, mistari inayokwenda na urefu wa paipu, au aweke bamba la pembeni na kuchomelea mbavu za bamba hilo. Baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi, futa pale kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, angalia kama kuna mstari mwembamba mweusi uliojitokeza kwenye rangi. Ukiuona, tela halitoki.

Pesa sasa. Nusu ya milioni 5 zako iishie chini ya sakafu: ekseli, hubu, beringi mpya, springi, matairi, ndoano, mnyororo wa usalama na nyaya za taa. Juu ya sakafu nunua vilivyotumika na usione haya. Madirisha ya vioo vya kuteleza yanapatikana kwa wanaokata magari mabovu. Bango kuukuu la matangazo ya barabarani, lile la plastiki nzito, ni turubai zuri la kibaraza kuliko lolote la dukani, hata kama upande wa ndani utakuwa unaangaliana na tangazo la soda. Ekseli ya nyuma ya pikapu iliyokufa ni rahisi kuipata lakini inakuja na difu lake, chuma kizito kisichokuwa na kazi yoyote kwenye tela. Tafuta ekseli ya bomba tupu. Hubu zake ziwe na nati tano, zilingane na rimu za RAV4 lako, ili spea moja iwatumikie wote wawili. Hiyo peke yake ni tairi moja ambalo hukununua na hulibebi.

Sanduku usilichomelee kwenye chesisi. Lifunge kwa bolti nane za milimita 12. Umeniambia una ng'ombe na shamba tambarare. Tela la kulala la mwalimu litatoka likizo ya Juni na ya Desemba, basi. Muda wote uliobaki litakaa uani likiliwa na jua. Ukifungua bolti, vijana sita wanaliinua sanduku na kuliweka juu ya matofali, na chesisi yako inakwenda kuleta mabua na majani ya ng'ombe. Mahindi pia. Chuma kilichokwisha kuyeyushwa kiwandani kimeshagharimu mazingira. Angalau kifanye kazi mwaka mzima. Sanduku lenyewe huko uani litakuwa chumba cha mtoto wa miaka 14, niamini.

Na kuhusu huyo wa miaka 14: usimhesabu kwenye kitanda. Yeye na wa miaka 11 walale kwenye hema chini ya kibaraza. Ninyi wawili na mdogo mlale ndani. Ukitaka kusimama wima, weka paa la kuinuka kama la magari ya utalii, lenye kuta za turubai na wavu wa mbu. Lifungwe kwa bawaba upande mmoja, usinunue mitambo ya gesi ya kuinulia paa. Kijiti cha paini kinatosha kulishikilia. Faida yake kubwa iko barabarani, kwani paa likishuka, upepo unaona kitu kidogo. Na upepo ni mkali kuliko watu wanavyodhani: ukitoka kilomita 80 kwa saa ukaenda 100, ukinzani wa hewa unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Nenda 80.

Kiyoyozi futa. Paa lipake rangi nyeupe, weka tundu la hewa chini upande wa kivuli na lingine juu kabisa upande wa pili, hewa ya moto ijitokee yenyewe. Lushoto hamtahitaji, huko mtahitaji mablanketi. Lakini sikilizeni, na hili nalisema kwa sauti: kwa baridi yoyote ile, jiko la mkaa lisiingie ndani ya sanduku, hata likiwa limebaki majivu mekundu. Hewa yake ya sumu haina harufu na familia nzima inaweza isiamke.

Friji nayo iache, na hapo ndipo sola yako inapokuwa rahisi. Friji ndogo ya volti 12 peke yake inaweza kula wati-saa 400 au 500 kwa siku ya joto. Bila friji hesabu ni hii: taa nne za LED za wati 5 kwa saa nne, wati-saa 80. Simu nne, kama 60. Feni ndogo ya wati 10 usiku kucha, 80. Jumla 220. Paneli moja ya wati 100, kwa jua letu la saa tano za nguvu, ukitoa upotevu, inakupa kama 350. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa (Ah) 30 inahifadhi 384. Imetosha, na siku ya mawingu mnazima feni. Watu watakuambia uchukue betri kuukuu ya gari kwa sababu ni bei poa. Hiyo ni ya madini ya risasi: unaruhusiwa kutumia nusu tu ya chaji yake kama unataka idumu, ina uzito mkubwa, na mwisho wake ni mbaya. Majirani zetu wa Owino Uhuru kule Mombasa waliishi jirani na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kama hizo. Risasi iliingia kwenye damu za watoto, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hiyo lithiamu yako ndogo, tela likipaki, ihamishie sebuleni iwashe taa umeme ukikatika.

Tenki la lita 300 liwe madumu matatu ya lita 20, na uyajaze mkifika, siyo mnapoondoka. Kupika tumia mtungi wa gesi wa kilo 6, ufungwe nje, upande wa jiko la nyuma, na sakafu ya hapo iwe na tundu la kutokea. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini na kukaa. Maharage yachemsheni asubuhi dakika kumi na tano yakiwa yamelowekwa tangu jana, tieni sufuria kwenye jiko kikapu, lile la kikapu na matambara, fungeni, ondokeni. Mkifika Mombo yameiva, na gesi haijaguswa tena.

Likiisha, lipime. Wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu wana mizani ya kupandia. Kisha pima uzito unaoikalia ndoano: uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya tela lililojaa, yaani kilo 55 hadi 80 kwako. Ukipungua hapo, tela litaanza kutikisa mkia ukifika mteremkoni. Mizani ya kupimia wagonjwa inafanya kazi hiyo vizuri; ombeni ruhusa, msije mkamponza muuguzi wetu. Na mkishuka kutoka Lushoto, zile kilomita 33 za kona hadi Mombo, shukeni na gia ndogo tangu juu. Tela halina breki. Breki za gari zikishapata moto katikati ya mlima mtakuwa mmechelewa.

Fundi, mnahangaika bure. Lushoto kuna gesti, Tanga kuna gesti, Mikumi mjini kuna gesti. Kitanda kipo, chandarua kipo, maji yapo. Kuna faida gani kwa mazingira kuvuta nyumba barabarani? — Mpenda Gesti, Singida

Mpenda Gesti, una hoja nzuri kuliko unavyojua. Gesti imeshajengwa. Ukilala humo hujaongeza chuma wala mbao duniani, na gari lako linakwenda jepesi. Mtu anayetoka mara moja kwa mwaka, usiku mbili, akaniomba nimtengenezee tela, namwambia akalale gesti na pesa zake anunue miti apande. Nimewahi kupoteza wateja kwa ushauri huo na nitaendelea kuwapoteza.

Hesabu inabadilika kwa namna mbili. Ya kwanza ni familia kama ya Mwalimu: watu watano ni vyumba viwili au vitatu kila usiku, na chakula cha hoteli juu yake, kwa hiyo bila tela hawatoki kabisa. Ya pili ni tela kuwa na kazi nyingine, kama nilivyosema kuhusu ng'ombe. Ningependa hata zaidi familia tatu za mtaa mmoja wachange, wawe na tela moja, na kitabu cha zamu. Shida ni zamu ya Desemba. Kila mtu anaitaka, hasa Wachaga, na hapo mimi siingilii.

Ila usiniambie gesti zote zina maji.

Hujambo Fundi. Kuna karavani kuukuu la Uingereza linauzwa hapa Kilifi, lina vitanda vinne, jiko, friji ya gesi na choo. Bei yake ni chini ya kutengeneza jipya. Si kutumia kilichopo ndiyo kutunza mazingira? — Msomaji, Kilifi

Sijambo. Ndiyo, kwa sharti moja: ujue unanunua chumba au unanunua gari.

Kama ni chumba, cha kuwekwa chini ya mwembe karibu na ufuo, wageni wa mwisho wa wiki walale, chukua. Mlango wake uko upande wa kushoto, na nyinyi kama sisi mnaendesha kushoto, kwa hiyo hata ukisimama kando ya barabara unashukia salama. Ya kutoka Ufaransa au Ujerumani mlango wake ungekutupa katikati ya magari.

Kama unataka kulivuta Kilifi hadi Voi na kuingia barabara za vumbi, fikiri upya. Karavani zile zimeundwa kwa lami ya kwao: matairi madogo, tumbo liko chini, chesisi nyembamba, na makabati yameshikwa kwa skrubu fupi kwenye vijiti vya mbao. Barabara yenye mawimbi inazifungua skrubu zote hizo. Ukifika unakuta sahani ziko kitandani.

Kabla hujatoa hela, ingia ndani na ufunge mlango na madirisha, ukae kidogo. Pua itakuambia. Kisha bonyeza kwa dole gumba kwenye pembe zote nne chini ya paa, chini ya kila dirisha na kandokando ya mlango. Ukuta wa afya unagoma. Ukibonyea, fremu ya ndani imeoza, na chumvi ya Kilifi haijasaidia. Pembe moja iliyooza inarekebishika: unafungua bati la nje, unabadilisha mbao, unafunga kwa silikoni mpya. Pembe tatu, muachie mwenyewe. Matairi yabadilishe hata kama kashata zake, yale meno ya mpira, zinang'aa kama mpya. Tairi lililokaa miaka juani limekufa ndani, na tarehe yake imeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne, wiki mbili za mwanzo na mwaka mbili za mwisho. Ukiona 1109, hilo ni la wiki ya 11 ya mwaka 2009.

Friji ya gesi inafanya kazi tu likiwa limesimama sawasawa. Weka bakuli la maji mezani uone.

Fundi, samahani kwa swali la aibu. Choo? Watoto usiku porini tunafanyaje bila kuchafua? — Mama, Dodoma

Mama, hilo ndilo swali pekee la mwezi huu ambalo kila msafiri anakutana nalo kila siku, na hakuna aibu ndani yake.

Usinunue vyoo vya kemikali. Ile dawa ya buluu ukiimwaga kwenye choo cha shimo inaua wadudu wanaofanya kazi humo. Chukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana, mtengenezee fundi seremala kiti cha mbao cha kuikalia. Mkojo uende kwenye dumu lake: kuna vikinga vya plastiki vya kuwekwa mbele ya kiti, na hata faneli pana iliyokatwa vizuri inafaa. Harufu mbaya inatokana na viwili hivyo kuchanganyika. Ukivitenganisha umemaliza sehemu kubwa ya tatizo. Kila baada ya haja kubwa, tieni maranda bakuli moja. Kwa seremala yanatupwa, atakushukuru ukiyachukua. Ulizia tu kama mbao zake hazikutiwa dawa.

Mkojo ukichanganywa na maji mara kumi unamwagiwa miti, si karibu na kisima wala mto. Ndoo inamwagwa kwenye choo cha shimo cha kambi au cha nyumbani mkirudi. Ndani ya hifadhi za taifa msichimbe wala msimwage chochote. Beba ulichokuja nacho. Karatasi za chooni pia, kwa sababu nyani watazifukua na kuzitandaza kambi nzima kabla ya chai.

Vitambaa vya kujifutia vyenye unyevu, vile vya pakiti, visiingie kwenye ndoo. Vingi vina plastiki ndani yake.

Tela dogo hivyo nalo linahitaji namba? Mjomba anasema natundika tu kibao chenye namba ya gari. — Kijana, Babati

Mjomba atakulipia faini? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataja gari na tela pamoja kwenye usajili. Tela lina namba yake lenyewe. Anzia TRA, mamlaka ya mapato, ukiwa na risiti za vifaa vyote na maelezo ya fundi aliyelitengeneza, kwa hiyo tangu bolti ya kwanza dai risiti. Polisi wa usalama barabarani watalikagua: taa za breki, indiketa zote mbili, viakisi vyekundu nyuma, mnyororo wa usalama, na taa ndogo nyeupe ya kumulika namba. Hiyo ya mwisho ndiyo watu wanayoisahau. Inachomekwa kwenye waya uleule wa taa za nyuma, na ikiwa ya LED haifiki hata wati 1.